Siri ya Mfanyakazi na Saa ya Bosi

Frederick Winslow Taylor hakulazimika kushika spana. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1856 katika familia yenye nacho, akafaulu mtihani wa kuingia Harvard, kisha macho yakamsumbua akaishia karakanani. Mwaka 1878 aliingia kiwanda cha chuma cha Midvale kama kibarua, na haukupita muda akawa mnyapara wa mafundi. Kwa kuwa alikuwa amefanya kazi bega kwa bega nao, alijua jambo ambalo wakubwa wa ofisini walilihisi tu: mafundi wale walikuwa wanategea. Wala haukuwa uvivu. Walilipwa kwa idadi ya vipande, na walishaona kwamba watu wakiongeza vipande, bei ya kipande hupunguzwa. Mwisho wa wiki ujira ni uleule na mgongo umechoka zaidi. Basi walipatana kimyakimya kiasi cha kutoa kwa siku, na mgeni aliyejitia hodari alionywa.

Historia ya fikra za usimamizi kwa kawaida hufundishwa kama msururu wa majina na nadharia za kukariri kwa ajili ya mtihani. Mimi naisoma kama majibu, moja baada ya jingine, kwa kutegea kule. Fundi anajua kazi yake inachukua muda gani hasa. Bosi hajui, na hapo ndipo penye ugomvi.

Jibu la Taylor lilikuwa kumnyang'anya fundi siri hiyo. Alichukua saa ya kuhesabu sekunde, akaigawa kila kazi katika vitendo vidogovidogo, akapima, kisha akaipa ofisi mamlaka ya kuamua ifanywe vipi. Mwaka 1899, kwenye kiwanda cha Bethlehem, Pennsylvania, alidai kwamba mpakiaji mmoja wa chuma ghafi alitoka tani 12.5 kwa siku hadi 47.5, huku ujira ukipanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Piga hesabu mwenyewe: kazi karibu mara nne, malipo hayakufika hata mara mbili. Watafiti waliopekua kumbukumbu miongo kadhaa baadaye waligundua kwamba kisa chenyewe kilitiwa chumvi nyingi. Lakini kitabu chake cha mwaka 1911 kilikuwa kimeshazunguka dunia. Mwaka huohuo mafundi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, waligoma mara tu saa ilipoletwa kumpima mwenzao. Bunge la Marekani likamwita Taylor kumhoji, na mwaka 1915 likapiga marufuku fedha za viwanda vya silaha vya serikali kutumika kulipia upimaji wa namna hiyo. Lenin naye, mwaka 1918, alikuwa akiwahimiza Warusi wajifunze mfumo wa Taylor. Mabepari na wapinzani wao walikubaliana kwenye saa.

Henry Ford hakuhitaji kumsimamia mtu kwa saa. Mkanda wa kuunganishia magari ndio uliokuwa mnyapara. Mwaka 1913, huko Highland Park jirani na Detroit, muda wa kuunganisha chasisi moja ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Kwenye mkanda hakuna kutegea, kwa hiyo watu waliondoka, wengi kiasi kwamba mwaka huo kiwanda kililazimika kuajiri zaidi ya mara tatu ya idadi ya wafanyakazi wake ili nafasi zisibaki wazi. Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku, akatuma na wakaguzi majumbani kutazama nani mlevi na nani anaishi kwa adabu. Ulaya nako mambo yalikuwa ya ofisini zaidi. Mfaransa Henri Fayol, aliyeongoza kampuni ya migodi kwa miaka 30, mwaka 1916 aliandika kanuni zake 14 za uongozi. Max Weber wa Ujerumani alieleza urasimu, ambao leo sote tunaulalamikia, ingawa kwake ulikuwa tiba ya kujuana: cheo kwa sifa, kanuni kwa maandishi, kumbukumbu kwenye jalada.

Kisha ikaja Hawthorne, kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago. Kuanzia mwaka 1924 wahandisi waliongeza mwanga, uzalishaji ukapanda. Wakaupunguza mwanga, uzalishaji bado haukushuka. Kundi dogo la wasichana likatengewa chumba, likapewa mapumziko, likazidi kuzalisha. Elton Mayo wa Harvard akahitimisha kwamba binadamu akijaliwa hufanya kazi vizuri, na hapo ikazaliwa taaluma nzima ya mahusiano kazini. Kisichosimuliwa sana ni kwamba wasichana wawili walioonekana wasumbufu waliondolewa mapema mwaka 1928, wakaletwa wengine. Tena mwaka 1931 watafiti walikaa na wanaume 14 waliokuwa wakifunga nyaya, wakakuta kilekile alichokikuta Taylor: kiwango cha siku kilichopangwa na wenyewe, na ngumi ya mkononi kwa aliyekizidisha.

Upande wetu, gharama ya ofisi kujiona inajua kila kitu ilionekana Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, kwa wazo lililotoka United Africa Company, ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, ikilenga zaidi ya ekari milioni 3. Timu ya upembuzi ilitumia wiki chache tu, sehemu kubwa ikiitazama ardhi kutoka ndani ya ndege. Wagogo, wenyeji walioijua mvua ya mashaka na udongo unaokauka hadi kuvunja majembe ya trekta, hawakuwa na kiti mezani. Mwaka 1951 jamvi likakunjwa. Kama pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda vilibadili mmiliki kuliko vilivyobadili meneja. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ukaunda mabaraza ya wafanyakazi, na Februari 1971 chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo, uliomkataza kiongozi kiburi, dharau na ubabe. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko wakubwa walivyotarajia. Waliacha kutegea wakasema waziwazi: kazi ikasimama, mameneja wakafungiwa nje ya lango, na mara nyingi shauri halikuwa mshahara bali matusi. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimtoa mwenye mali wakazalisha wenyewe. Wengine waliojaribu kuiga walikutana na polisi. Na miaka hiyohiyo, serikali hiyohiyo ya Tanzania ilikuwa imeikodi McKinsey, kampuni ya washauri ya Kimarekani, iisaidie kuchora mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, uliofuta halmashauri za kuchaguliwa. Kwa maoni yangu hakuna somo la usimamizi linaloipita miaka hiyo, na ni ajabu jinsi lisivyofundishwa.

Japani walipata njia ya tatu. Kwa Taiichi Ohno wa Toyota, mfanyakazi yeyote aliyeona kasoro aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha mkanda. Mwaka 1984 Toyota na General Motors walifungua upya kiwanda cha Fremont, California, kilichosifika kwa utoro na migomo. Waliorudi kazini wengi wao walikuwa walewale, magari yakatoka safi.

Huko nyuma, mwaka 1954, mwandishi wa usimamizi Peter Drucker alitaka bosi na mfanyakazi wakubaliane malengo. Wazo hilo liliwafikia watumishi wa umma wa Tanzania mwaka 2004 kwa jina la OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, na aliyepita ofisini anajua yaliyolikuta: malengo ya mwaka uliotangulia yalinakiliwa, fomu ikajazwa siku ya mwisho.

Sasa saa imehamia kwenye simu. Programu ya usafiri inajua dereva yuko wapi, amekataa abiria wangapi, amepewa nyota ngapi, na haina mnyapara wa kubishana naye. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipoweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15, Uber ilisitisha huduma Tanzania, ikarejea mwaka uliofuata baada ya masharti kulegezwa. Madereva hawakusubiri wakubwa wamalizane. Dereva anakupigia kabla hajafika, anauliza unaenda wapi na simu inakuonyesha shilingi ngapi, kisha anakuomba kwa upole: ghairi hiyo safari, boss wangu, tutamalizana kwa keshi.