Nyumba Hii Haiuzwi

Juzi nilikuwa kwetu Isingiro, wilaya ya Kyerwa, eneo ambalo hadi mwaka 2012 lilikuwa ndani ya wilaya ya Karagwe. Nikaikuta nyumba ya marehemu babu imeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Ninyi wa mijini maneno hayo mmeyazoea. Lakini kijijini, ambako kila mtu anamjua hata kuku wa jirani, anaandikiwa nani?

Aliyeandika ni binamu yangu. Anayetaka kuuza ni shangazi, ambaye babu alimwachia nyumba kwa wosia, baada ya kuuguzwa naye miaka mingi wakati sisi wajukuu wa kiume tuko mijini.

Nyumba yenyewe ni ya tofali na mabati, iliyojengwa kwa fedha za kahawa pale uliposimama msonge wa nyasi. Na kwetu hakuna anayenunua nyumba peke yake. Inakwenda na kibanja: migomba, mibuni, maharage chini yake, na nyuma ya migomba makaburi ya wazee. Ndiyo sababu ukoo huamka mara moja uusikiapo mnada.

Tukumbuke kwamba zamani hata mwenye kulima hakuwa na uhakika. Chini ya nyarubanja, kibanja kilikuwa cha bwana aliyegawiwa na mtawala, na mkulima alilipa kodi. Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyoanza kuwafungulia wakulima mlango wa kuwa na mashamba yao. Wakulima, nasema, binti zao walibaki nje. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, lakini si kuiuza.

Kisha akatokea mama mmoja wa mkoa huu huu wa Kagera, Holaria Pastory. Alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, na Agosti 1988 akamuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilaya ya Muleba, akashinda. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Tarehe 22 Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kanuni ile inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana uwezo wa kuuza sawa na mwanamume. Mpwa hakunyimwa kila kitu: akitaka shamba, alipe hizo shilingi 300,000 na kulikomboa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Basi jioni tukakaa kikao. Nikayaeleza hayo yote, nikijiona msomi. Binamu akasema mahakama haikuzikwa pale nyuma, babu ndiye aliyezikwa. Siwezi kusema maneno yake hayakunichoma. Mimi pia makaburi yale ni yangu. Nikamuuliza kama yuko tayari kukomboa, bei ya mnunuzi ni ile ile. Akanyamaza. Wajomba wakatazama chini. Hakuna aliyetaja hata shilingi elfu kumi, nami nikiwamo.

Shangazi alikuwa kimya muda wote, akimenya ndizi. Mwisho akasema: "Mwanangu, ulipokuwa mjini ile miaka yote, nani alikuwa anaandika ukutani?"

Kesho yake asubuhi nilichukua ndoo na kitambaa nikaenda kufuta. Mkaa ukatoka, lakini kwenye chokaa ile herufi H bado inasomeka.