Chesi, Injini na Hati: Gari la Fo-bai-fo katika Historia ya Mpaka wa Malaba

Moding, kituo cha biashara cha Teso Kaskazini katika Kaunti ya Busia, kiko jirani na mojawapo ya milango mikubwa ya Ushoroba wa Kaskazini, yaani njia ya biashara inayoanza bandari ya Mombasa, ikapita Nairobi na Malaba, na kuendelea hadi Kampala, Kigali, mashariki mwa Kongo na Sudan Kusini. Magari mengi yanayopita hapo hayakuletwa kwa ajili ya wakazi wake, lakini kupita kwake, pamoja na kuharibika na kutengenezwa kwake kando ya barabara, ndiko kulikowafunza mafundi na wanunuzi wa eneo hilo kulipima gari kuukuu kwa vigezo vyao wenyewe, ambavyo havikutokana na matangazo ya wauzaji.

Mpaka wa Kenya na Uganda hapo Malaba ni wa karne iliyopita. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza ilihamisha mkoa wa mashariki wa Uganda ukawa sehemu ya himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wateso wakajikuta chini ya tawala mbili, wengine upande huu wa mto Malaba na wengine upande wa Tororo. Reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret ilivuka hapo Malaba na kufika Kampala mwaka 1931, lakini reli haikumfaa mkulima wa pamba aliyekaa mbali na stesheni, wala afisa aliyetaka kufika Angurai au miteremko ya Mlima Elgon, ambao kilele chake kina urefu wa mita 4,321. Nje ya barabara kuu, safari zilitegemea msimu, kwa sababu udongo mweusi wa mabondeni, ambao hupasuka wakati wa kiangazi, hugeuka tope zito la kunata mara mvua za masika zinapoanza.

Katika mazingira hayo gari la fo-bai-fo, yaani gari ambalo nguvu ya injini yake inaweza kufikishwa kwenye magurudumu yote manne, lilikuwa chombo cha kazi kwanza na alama ya hadhi baadaye sana. Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikiwa na bodi ya aloi ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, na haikuchukua muda kuwa gari la utawala, polisi na wamisionari kote Afrika Mashariki. Toyota nayo ilianza kutengeneza gari la aina hiyo mwaka 1951, likapewa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Mfululizo wa 40 ulitoka mwaka 1960 na ule wa 70 mwaka 1984, na huu wa pili ndio ulioteka kazi za serikali, mashirika ya misaada na wajenzi wa barabara katika eneo zima. Ushindi huo ulitokana na mambo ya kawaida kabisa: injini ya dizeli isiyo na mitambo mingi ya umeme, springi za majani ambazo fundi wa kijijini aliweza kuzifungua na kuongeza jani jingine, na vipuri vilivyopatikana hata katika miji midogo.

Miaka ya 1970 iliupa mpaka huu somo lake gumu zaidi. Utawala wa Idi Amin, ulioanza kwa mapinduzi ya Januari 1971, uliwafukuza Waasia mwaka uliofuata, na biashara rasmi ya Uganda, ikiwemo ile ya vipuri, ikadorora. Baada ya baridi kali kuharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya zao hilo ilipanda duniani, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa magendo hadi Chepkube, kwenye miteremko ya Elgon, ikibebwa kwa vichwa, kwa punda na kwa malori. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika. Pale ambapo kipuri hakikuweza kuagizwa, gari lililoaminika lilikuwa lile ambalo fundi aliweza kulifufua kwa kuchomelea, kuchonga na kuazima kifaa kutoka gari jingine, na mazoea hayo yangali msingi wa karakana nyingi za jua kali.

Mageuzi makubwa yaliyofuata yaliletwa na sera. Serikali ya Kenya ilipolegeza masharti ya uagizaji mapema katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika Mombasa. Huko Japani gari hulazimika kupitia ukaguzi wa mara kwa mara wenye gharama, hivyo wenye magari wengi huyauza yakiwa bado mazima, na usukani wake uko kulia kama sheria ya Kenya inavyotaka. Kenya iliweka kikomo kupitia kanuni ya KS 1515:2000, ambayo hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, ilhali Uganda haikuwa na kikomo cha umri hadi mwaka 2018, ilipokataza magari ya miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo barabara ile ile ya Malaba ilipitisha magari yaliyokuwa machanga mno kwa mfuko wa mwalimu au mkulima wa Moding, pamoja na mengine makuukuu ambayo sheria ya Kenya isingeyasajili.

Pamoja na magari ya porini kama Prado na Pajero yalikuja pia magari ya aina nyingine, kama vile RAV4 iliyozinduliwa mwaka 1994 na Forester ya mwaka 1997, ambayo kwa sura yanafanana na magari ya porini lakini hayana chesi ya kujitegemea, yaani ile fremu ya chuma inayobeba bodi na injini. Magari hayo ni mema kwa barabara ya lami na hata kwa murram iliyotunzwa, lakini kuyanunua kwa nia ya kuvuta tela la mahindi au tumbaku kutoka Angurai ni kuyaonea. Uvutaji hulemea chesi, klachi, giaboksi na breki kwa pamoja, na tela lililopangwa vizuri huacha takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wake juu ya ndoano, uzito ambao springi za nyuma za gari dogo hazikuundiwa. Zaidi ya hayo, magari mengi ya aina hiyo hayana gia za chini, zile zinazopunguza mwendo na kuzidisha nguvu ya magurudumu, ambazo ndizo humwezesha dereva kushuka mlima wenye utelezi bila kuunguza breki.

Hata miongoni mwa magari yenye chesi tofauti ni kubwa. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, haina tabo, na kwa sababu hiyo ni nzito kuchangamka lakini huvumilia kazi na mafuta duni kuliko nyingi zilizoifuata. Injini ya 1KZ ya Prado ya miaka ya 1990, yenye lita 3.0 na tabo, ina nguvu ya kutosha, ila kichwa chake cha silinda hujulikana kupasuka ikiachwa ichemke, jambo linaloweza kutokea kwa urahisi gari linapopanda mlima likivuta mzigo huku rejeta yake imeziba kwa uchafu. Kwa mnunuzi wa Teso, ambaye gari lake litatengenezwa Malaba au Bungoma na si Nairobi, Land Cruiser ya zamani yenye injini nyepesi kuielewa inastahili kupewa nafasi ya kwanza, hata kama viti vyake vimechakaa na bei yake bado iko juu.

Jambo la mwisho ni la hati, nalo mpakani lina uzito sawa na lile la injini. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki uanze kazi Januari 2005, nchi wanachama hutumia sheria moja ya forodha, ile ya mwaka 2004, lakini kila nchi bado hukusanya ushuru wake na kusajili magari yake. Gari lenye namba za Uganda linaloingia Kenya kwa kibali cha muda haliwi la Kenya kwa sababu tu limelala miaka miwili katika boma la mtu, na gari lililopita kwenda nchi nyingine kisha likauzwa njiani bila ushuru linaweza kukamatwa likiwa mikononi mwa mnunuzi asiye na hatia. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi Busia mwaka 2018 kimerahisisha uvukaji, lakini hakikuondoa wajibu huo. Anayenunua gari la kazi katika eneo hili na alipeleke kwanza kwa fundi asiyemjua dalali, alale chini ya chesi atafute kutu na alama za kuchomelewa, alinganishe namba ya chesi na ile iliyoandikwa kwenye hati, athibitishe umiliki kwa mamlaka ya usafiri na ushuru kwa forodha, ndipo atoe fedha.