Asili ya Jiwe la Matale
Katika karne ya 18, maulamaa wengi wa Ulaya walisadiki, kama Abraham Werner wa Freiberg alivyofundisha, kwamba matale yalijitenga na maji ya bahari ya kale; lakini James Hutton wa Edinburgh, alipofika bonde la Glen Tilt mwaka 1785, aliona mishipa myekundu ya jiwe hilo imepenya miamba iliyolitangulia, ikawa hoja dhahiri kwamba lilikuwa uji wa moto. Kuhusu uji huo wa moto, uitwao magma, mwaka 1851 Robert Bunsen, aliyechunguza miamba ya Aislandi, alitoa rai kwamba magma mbili za tabia mbalimbali huweza kuchanganyika. Magma ya matale hupoa taratibu mno ardhini, ndipo fuwele za kwatzi na feldspa zikakua hata zikaonekana kwa jicho. Hutton anastahiki shukrani zetu, kwani alilitazama jiwe lilipo kabla ya kulihukumu.