Stadi za kitaaluma, Rusizi

Stadi za kitaaluma ni uwezo wa mwanafunzi wa elimu ya juu wa kufanya utafiti, kuuandika na kuuwasilisha mbele ya watu. Wilayani Rusizi (Cyangugu), magharibi mwa Rwanda, zilifundishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi za umma za elimu ya juu, na ambacho kilikuwa na kampasi wilayani humo.

Hatua ngumu zaidi ni kubana mada. “Biashara ya mpakani” ni pana mno. Bei ya samaki wadogo aina ya sambaza wa Ziwa Kivu katika soko la Kamembe, wilayani humo, kwa msimu mmoja inatafitika, kwa kuwa ina mahali, muda na watu wa kuhojiwa. Hapo ndipo msimamizi anapomfaa mwanafunzi zaidi kuliko katika kusahihisha sarufi.

Suala la lugha lina uzito wa pekee. Kiingereza kilichukua nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia kwa uamuzi wa serikali wa mwaka 2008, ilhali wahojiwa wengi huzungumza Kinyarwanda au Kiswahili. Dodoso huandikwa kwa lugha moja, huulizwa kwa nyingine, na majibu hutafsiriwa tena. Maana ikipotea njiani, matokeo hupotoka bila mtu kugundua. Ng’ambo ya mto Rusizi, nchini Kongo (DRC), vyuo vya mji wa Bukavu hufundisha kwa Kifaransa, hivyo mapitio ya machapisho yanayotegemea Kiingereza pekee huacha pengo kubwa.

Katika uwasilishaji, mwanafunzi huieleza kazi yake kwa ufupi, kisha huulizwa maswali, yakiwemo ya jinsi alivyochagua sampuli.