Jina na Tendo: Vyanzo vya Ugaidi na Mwitikio wa Jamii kwa Kurejelea Historia ya Ruaha Mbuyuni na Mgagao

Utangulizi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Nyanda za Juu Kusini huingia Mkoa wa Iringa anapovuka Mto Ruaha Mkuu katika eneo la Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na mashamba ya vitunguu, kabla ya kuanza kupanda mlima wa Kitonga. Katika miaka ya 1960 na 1970 barabara hiyo ilibeba mizigo ya aina mbili. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia mafuta na bidhaa zake, nayo barabara hii ikawa tegemeo kubwa. Njia hiyohiyo iliiunganisha Iringa na Dar es Salaam, yalikokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu mwaka 1963. Katika kambi ya Mgagao, iliyo ndani ya Wilaya ya Kilolo ya leo pamoja na Ruaha Mbuyuni yenyewe, wapiganaji wa ZANLA, jeshi la chama cha ZANU cha Zimbabwe, walipewa mafunzo kwa msaada wa wakufunzi kutoka China. Kwa serikali ya Salisbury, vijana hao walikuwa magaidi. Kwa Watanzania waliowapokea, walikuwa wapigania uhuru.

Insha hii inachunguza tofauti hiyo ya majina, kisha inalinganisha historia ya Mgagao na mlipuko wa Dar es Salaam wa tarehe 7 Agosti 1998. Hoja yake kuu ni kwamba ugaidi hauna budi kupimwa kwa tendo. Jina alilopewa mtendaji na adui yake halitoshi kuwa kipimo, wala uzuri wa lengo analolitetea. Kipimo hicho kikikubaliwa, kinaifunga pia jamii inayojibu mashambulizi: nayo itapimwa kwa matendo yake.

Tatizo la jina

Kabla ya neno gaidi kupata maana yake ya kisiasa, lilimtaja mnyang'anyi atumiaye nguvu, hasa aviziaye watu njiani. Serikali za walowezi zilipowaita wapinzani wao magaidi, ziliwahamisha kutoka uwanja wa siasa na kuwaweka katika kundi la wahalifu wasio na dai lolote la kusikilizwa. Jina lilikuwa silaha ya kufunga mjadala.

Nchi huru za Afrika zililijibu jina hilo kwa hoja. Ilani ya Lusaka ya Aprili 1969, iliyotolewa na nchi za Afrika Mashariki na Kati, ilieleza kwamba nchi hizo zilipendelea mazungumzo kuliko mauaji, na kwamba zingewashauri wapigania uhuru kutumia njia ya amani iwapo njia hiyo ingefunguliwa. Hapo ilani ilitoa maelezo ya chanzo: silaha zilishikwa kwa sababu milango ya kisheria ilikuwa imefungwa kwa walio wengi. Maelezo hayo yalithibitishwa baadaye. Mkataba wa Lancaster House ulipotiwa saini tarehe 21 Desemba 1979 na mlango wa uchaguzi ukafunguliwa, vita vya Zimbabwe vilisitishwa na wapiganaji wakaingia katika vituo vya kukusanyika.

Hata hivyo, uhalali wa lengo haukuyatakasa matendo yote yaliyofanywa kwa jina lake. Mwaka 1976, hapohapo Mgagao, wapiganaji wa ZIPRA waliuawa na wenzao wa ZANLA, ingawa pande zote mbili zilipigania uhuru wa nchi moja. Tarehe 3 Septemba 1978 wapiganaji wa ZIPRA waliiangusha ndege ya abiria ya Rhodesia. Baadhi ya walionusurika walipigwa risasi chini. Kwa upande mwingine, tarehe 9 Agosti 1976 askari wa Rhodesia waliishambulia kambi ya Nyadzonya nchini Msumbiji, iliyotambuliwa na Umoja wa Mataifa kuwa kambi ya wakimbizi, na watu wengi wasio na silaha wakauawa. Anayelaani tendo moja kati ya hayo na kulinyamazia jingine hajapima matendo. Amepima majina tu.

Msimamo huu ndio uliokuja kuandikwa katika Mkataba wa OAU wa Kuzuia na Kupambana na Ugaidi, uliopitishwa Algiers mwezi Julai 1999. Mkataba huo unatamka kuwa mapambano ya watu ya kujikomboa kulingana na sheria za kimataifa si ugaidi. Papo hapo unakataa sababu za kisiasa, kidini au kikabila kuwa utetezi wa tendo la kigaidi. Vifungu hivyo viwili havipingani. Cha kwanza kinalinda haki ya kudai. Cha pili kinamlinda raia asiyehusika.

Vyanzo: dhuluma pekee haitoshi

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam zilishambuliwa kwa mabomu yaliyopakiwa katika magari. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya. Dar es Salaam walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani aliyekuwa miongoni mwao. Washambuliaji walitangaza kuwa vita vyao ni dhidi ya Marekani, lakini waliozikwa Dar es Salaam walikuwa Waafrika waliokuwa kazini au katika shughuli zao za kawaida.

Maelezo yanayosikika mara kwa mara ni kwamba ugaidi huzaliwa na umaskini. Maelezo hayo yana upungufu. Osama bin Laden alitoka katika familia yenye utajiri mkubwa, ilhali mamilioni ya wakulima na vibarua wa Afrika Mashariki wameishi katika ufukara bila kumdhuru jirani. Umaskini unaweza kurahisisha kazi ya anayetafuta wafuasi, lakini hauwezi peke yake kueleza kwa nini mtu aamue kuwaua asiowajua.

Kinachoonekana ni muungano wa mambo matatu. La kwanza ni malalamiko, ya kweli au ya kudhaniwa. La pili ni itikadi inayofuta mpaka kati ya mpiganaji na raia. Tamko la bin Laden na wenzake la Februari 1998 liliufuta waziwazi lilipohalalisha kuuawa kwa Wamarekani wote, raia na wanajeshi. La tatu ni mtandao wa kutoa fedha, maficho na mafunzo. Mgagao kulikuwa na jambo la kwanza na la tatu, lakini lengo lilikuwa mahususi, lenye ukomo, na mazungumzo yangeweza kulitimiza. Mwaka 1998 hapakuwa na dai ambalo wakazi wa Dar es Salaam wangeweza kulitimiza ili wasiuawe.

Mto Ruvuma unatoa ulinganisho wa karibu zaidi. Mwaka 1964 FRELIMO ilianza vita vya ukombozi kaskazini mwa Msumbiji ikitegemea maficho ya upande wa Tanzania. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi jingine lenye silaha lilishambulia mji wa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, mkoa wenye gesi asilia na rubi lakini wenye vijana wengi waliojiona wametengwa na utajiri huo. Oktoba 2020 washambuliaji wakavuka Ruvuma na kuua wanakijiji wa Kitaya, Mkoa wa Mtwara. Malalamiko ya Cabo Delgado yanastahili kusikilizwa. Wakulima wa Kitaya hawakuwa wamiliki wa gesi wala wa rubi.

Mwitikio wa jamii

Iringa ina fundisho lake la kale kuhusu adhabu ya jumla. Baada ya kuiteka Kalenga mwezi Oktoba 1894, Wajerumani walimsaka Mtwa Mkwawa kwa takriban miaka minne, hadi kifo chake tarehe 19 Julai 1898. Msako huo uliandamana na kuteketezwa kwa vijiji na kuharibiwa kwa vyakula, ili wananchi washindwe kumhifadhi. Mkwawa hakuwa gaidi, na ulinganisho huu haumhusu yeye bali mbinu iliyotumika. Kuwaadhibu watu wote hakukuwafanya wamtoe mtu mmoja kwa haraka; kuliacha uchungu uliodumu hata baada ya fuvu lake kurejeshwa mwaka 1954.

Shambulio la 1998 lilijibiwa kwa njia mbili zinazotofautiana. Tarehe 20 Agosti 1998 Marekani ilirusha makombora Afghanistan na Sudan, ambako kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum kiliharibiwa. Njia ya pili ilikuwa ya upelelezi na mahakama. Khalfan Khamis Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Cape Town mwaka 1999 na kuhukumiwa kifungo cha maisha jijini New York mwaka 2001. Hata katika shauri hilo, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwezi Mei 2001 kwamba kumkabidhi kwa Marekani bila uhakika kuwa hatanyongwa kulivunja katiba. Uamuzi huo haukumfuta hatia. Ulisisitiza kwamba dola inayomshtaki mvunja sheria haina ruhusa ya kuivunja.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002. Sheria ya aina hiyo ina ulazima wake, hasa kwa nchi iliyoshuhudia mauaji ya askari na viongozi wa vijiji katika wilaya ya Kibiti na jirani zake, yaliyofikia kilele mwaka 2017. Lakini taarifa za kuzuia shambulio hutoka kwa majirani, wazazi, walimu na viongozi wa dini. Hao husema wanapoamini kuwa atakayekamatwa atafikishwa mahakamani, na kwamba ndugu zake, wenye dini moja naye au waliotoka kijiji kimoja naye hawatabebeshwa kosa lake. Msako usiochagua huikosesha serikali mashahidi inaowahitaji.

Hitimisho

Tanzania ilikataa kuwaita wapiganaji wa Mgagao magaidi kwa sababu ilitazama chanzo cha vita vyao na ikadai dhuluma iondolewe. Mwaka 1998 nchi hiyohiyo ilipata waliouawa bila kosa katika jiji lake. Kumbukumbu hizo mbili zinadai mambo yanayokwenda pamoja: malalamiko ya haki yafunguliwe njia ya kusikilizwa mapema, anayeua raia ashtakiwe yeye mwenyewe bila kujali lengo alilolitaja, na dola ijizuie kuadhibu jamii nzima. Penye upungufu wa moja kati ya hayo, neno gaidi hurudi kuwa jina ambalo mwenye nguvu humpa amtakaye.