Masengo: Mchekeshaji wa Katanga Aliyeimba Nairobi

Waandishi wa historia ya muziki wa Afrika ya Mashariki humtaja Edouard Masengo kwa ajili ya gita lake. Hiyo ni haki yake, lakini ni nusu tu ya habari. Kabla ya kujulikana Nairobi kwa nyimbo, Masengo alikuwa mtu wa jukwaani, mmoja wa wachekeshaji wa kundi la JECOKE katika mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 waitwa Lubumbashi. Nusu hii iliyosahauliwa yastahili kuangaliwa, kwa kuwa yahusu habari za lugha yetu ambazo wataalamu wengi wa pwani wamezipita kwa haraka.

Jina JECOKE ni ufupisho wa maneno ya Kifaransa, Jeunes Comiques de la Kenya, yaani Vijana Wachekeshaji wa Kenya. Msomaji asidhani kwamba yatajwa hapa nchi ya Kenya. Kenya hiyo ni mtaa wa Waafrika katika Elisabethville, na hata leo jina lake ni hilo hilo. Vijana hao walichanganya nyimbo, ngoma na vichekesho, na watazamaji wao walikuwa watu wa mjini waliotoka pande nyingi.

Kiswahili cha watu hao kilikuwa cha namna gani? Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji wafanyakazi wengi wa migodi ya shaba. Walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, na baadaye Ruanda-Urundi. Wengi wao walijifunza Kiswahili wakiwa watu wazima, kazini na kambini. Watoto wao ndio waliokua nacho. Katika lugha hiyo kiambishi ba- hushika mahali pa wa-, na neno njo hutumika pale ambapo sisi twasema ndio au ndiye. Wako waliokiita Kiswahili kibovu. Nionavyo mimi, hukumu hiyo haina manufaa kwa mtafiti, kwa sababu lugha iwezayo kuwachekesha watu wa makabila kumi waliokaa uwanja mmoja haikosi kanuni zake. Mzaha hautegemei maana ya neno peke yake, bali pia jinsi msikilizaji alivyozoea kulisikia likitamkwa. Asiyeijua desturi ya matamshi hayo hawezi kucheka.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Masengo alifika Nairobi, kwa shughuli za Peter Colmore, Mwingereza aliyesimamia wanamuziki na matangazo ya biashara. Masengo aliimba matangazo ya Coca-Cola. Ndugu yake wa ukoo, Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alikuwa amemrekodi Jadotville (sasa Likasi) mwaka 1952, naye alikuja Nairobi akatangaza dawa ya Aspro.

Matangazo haya yamedharauliwa, kama kwamba yalimpunguzia mwimbaji heshima. Kwa mwanafunzi wa lugha, kinyume chake ni kweli. Wimbo wa mapenzi waweza kupendwa na asiyeelewa maneno yake. Tangazo lisiloeleweka ni hasara kwa mwenye bidhaa. Hapana shaka basi kwamba wafanyabiashara waliamini ya kuwa mtu wa Katanga angesikilizwa na kueleweka Nairobi. Na hili si ajabu. Nairobi nayo ni mji uliozaliwa na reli, mwaka 1899, na wengi wa wakazi wake walijifunza Kiswahili kazini, mbali na pwani. Mgeni huyu alikuwa amekwisha kujifunza kwao namna ya kusema na umati wa wageni. Nadhani ufundi huo wa jukwaani ulimfaa sawasawa na vidole vyake.

Habari za vidole zimeandikwa vya kutosha: gita kavu, kidole gumba kikishika sauti za chini na cha shahada kikipiga za juu, mtindo ulioigwa na wapigaji wengi wa Kenya. Santuri huhifadhi mambo hayo vizuri sana. Uso wa mchekeshaji, mwendo wake, na kimya anachokiweka kabla ya neno la mwisho, hazikuhifadhi. Ndiyo maana Masengo aliyebaki katika vitabu ni mpigaji gita tu.

Mwaka 1979 John Low alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta mabingwa hao wa gita, na kitabu chake kilitoka mwaka 1982. Masengo alifariki mwaka 2003. Nyimbo zake, kama Kapinga, bado zaweza kusikilizwa, na kazi ambayo wataalamu wa lahaja wangeweza kuianza ni kuzipanga zile za Katanga kando ya zile za Nairobi, na kutazama viambishi: ni wapi aliposhika ba- yake, na ni wapi alipoiacha.