Kalamu ya Mashine na Sahihi ya Mwanafunzi

Katika mwaka wa 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza habari za programu ya kompyuta aliyoipa jina la ELIZA. Jina hilo alilitwaa katika mchezo wa George Bernard Shaw, ambamo binti muuza maua hufundishwa kusema kama bibi mwungwana hata watu wasiitambue asili yake. Programu yenyewe haikufahamu neno lolote. Iliyapokea maneno ya mtu, ikayageuza kidogo, ikamrudishia kwa namna ya swali, kama afanyavyo tabibu wa maradhi ya nafsi. Walakini watu waliifunulia mioyo yao. Hata karani wake Weizenbaum, aliyemwona akiitunga kwa miezi mingi, alimwomba atoke chumbani apate kuzungumza nayo kwa faragha. Jambo hilo lilimtia wasiwasi, na katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1976 alionya kwamba zipo kazi ambazo haifai mashine kupewa, ijapokuwa yaweza kuzifanya.

Onyo hilo lilisomwa na wachache. Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya San Francisco iliitoa ChatGPT, nayo haikurudisha maneno ya mtu tu. Iliandika insha nzima kwa ufasaha, kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Vyuo vilishtuka. Mwezi wa Januari 2023 Sciences Po ya Paris iliwakataza wanafunzi kuitumia bila ya kusema wazi, na adhabu ya juu ikawa kufukuzwa. Mwezi huo huo shule za serikali za jiji la New York ziliifungia katika mitambo yake.

Kupiga marufuku kulikuwa jambo jepesi. Kumjua mkosaji ndiko kulikokuwa kugumu. Tarehe 31 Januari 2023 OpenAI yenyewe ilitoa chombo cha kubainisha maandishi ya mashine na ya watu. Kwa hesabu yake mwenyewe, chombo hicho kilitambua maandishi 26 tu katika kila 100 ya mashine, na katika kila 100 ya watu kikayasingizia 9. Mwezi wa Julai kiliondolewa. Vyombo vya makampuni mengine viliendelea kutumika.

Hapo ndipo palipo na dhuluma yenyewe. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vyombo saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa wastani, zaidi ya insha 61 katika kila 100 zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine, na hali insha za watoto wa shule wa Marekani karibu zote zilipita salama. Sababu yake si ya siri. Vyombo vya namna hiyo hupima jinsi neno linalofuata linavyoweza kubashiriwa. Basi mwenye msamiati mchache, atumiaye maneno ya kawaida kwa uangalifu, huonekana kama mashine. La ajabu zaidi ni kwamba insha zizo hizo zilipopitishwa katika ChatGPT ili zipambwe kwa msamiati mpana, lawama zilipungua sana. Aliyeandika kwa jasho lake akatiwa hatiani, na aliyepambiwa na mashine akaachwa! Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye aghalabu Kiingereza ni lugha yake ya tatu, anayo haki ya kuisoma habari hii mara mbili.

Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilifanya hesabu nyingine. Kama chombo cha Turnitin kingekosea mara moja tu katika kila 100, kazi 75,000 zilizopelekwa huko mwaka wa 2022 zingetoa watuhumiwa wa bure 750 hivi. Agosti 2023 chuo hicho kikakizima.

Wakati huo msingi wa hukumu ulikuwa umeanza kupatikana mahali pengine. Januari 2023 jarida la Nature lilikataa kuitambua mashine kuwa mtunzi, kwa kuwa mtunzi hubeba dhamana ya kazi yake, na mashine haiwezi kuibeba. Aliyeitumia na aseme aliitumia wapi. Mwezi wa Juni jaji wa New York aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliopeleka mahakamani kesi sita ambazo ChatGPT ilizibuni. Hakuwalaumu kwa kutumia chombo. Aliwalaumu kwa kutia sahihi juu ya jambo wasilolichunguza, kisha kulishikilia walipoulizwa. Mwanafunzi anayenakili marejeo ya vitabu visivyokuwako hana tofauti nao, ila kwamba hasara yake ni ndogo.

New York iliondoa marufuku yake Mei 2023. Julai vyuo vikuu 24 vya Uingereza, vya umoja uitwao Russell Group, vilikubaliana kuwafundisha wanafunzi na walimu matumizi ya akili bandia yaliyo ya haki. Namna ya kuzitunga upya insha na mitihani iliachiwa kila chuo, na kazi hiyo haijakwisha.